Pambizo za Kitabu cha Madame Dora

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote nilizoishi hapa Durban, mwanangu, ni siku niliyoshika kitabu nisichojua mbele yake ni wapi wala nyuma yake ni wapi, na bado nikajiita fundi. Nimesitasita sana kukusimulia, maana mpaka leo kuna sehemu ya jambo hili ambayo sijaielewa. Lakini juzi nilipita kwenye duka lako la simu nikakuona ukifuta vitu kwenye simu ya mteja ili iwe nyepesi, mwenyewe akiwa hayupo wala hukumuuliza. Nikarudi nyumbani sina raha. Basi kaa, nikwambie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na miezi michache tu tangu nifike kutoka Bukavu. Kazi yangu ilikuwa kulinda magari ya watu barabarani kule Umbilo, mbele ya maduka. Nyumbani nilikuwa nimefanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, nikijalidi vitabu: Biblia, vitabu vya nyimbo, madaftari ya shule. Nilijua sindano, uzi na gundi kuliko nilivyojua kitu kingine chochote. Hapa hakuna aliyejua hilo, wala aliyeuliza.

Siku hiyo mama mmoja mzee, mzungu, mfupi, mwenye miwani minene, alishusha sanduku kutoka kwenye gari lake. Sanduku likapasuka chini, vitabu vikamwagika. Nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba vitabu vile vimeshonwa vibaya ndiyo maana vinaachia kurasa. Yule mama akageuka.

"Weye unajua kushona kitabu?" akaniuliza. "Unatoka Bukavu ao Goma?"

Nilishangaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi kabisa, cha sokoni. Baadaye ndipo alipoeleza kwamba alizaliwa huko. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Ulaya aliyefungua duka la vitambaa Lubumbashi kabla ya vita vikubwa, na yeye alilelewa na wanawake wa kule mpaka akaolewa, akaja Durban na mume wake. Mume alikuwa amefariki. Jina lake lilikuwa Dora. Mimi nilimwita Madame Dora mpaka mwisho.

Nyumba yake ilikuwa hapohapo Umbilo, ghorofa ya pili, vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo vilijaa vitabu vya picha vilivyochorwa au kuandikwa na Wayahudi. Wengi wa wachoraji wale, alinieleza, waliuawa wakati wa vita au walikimbia, na vitabu vyao vilichapwa nakala chache katika miji ambako wasomaji wake hawapo tena. Yeye alivitafuta. Wazee wa Kiyahudi wa hapa Durban walipofariki, watoto wao waliohamia ng'ambo walimpigia simu aje kuangalia makabati kabla nyumba haijauzwa. Alivichukua vikiwa vimeliwa na wadudu na unyevu wa mji huu, na akawa ananiita nije kuvishona.

Sikuelewa kule kukusanya kwake. Vingi hata yeye hakuvisoma mara mbili. Mimi niliyekimbia na mfuko mmoja niliona ajabu mtu kujaza nyumba kwa vitabu vya watu waliokufa. Picha zenyewe zilinichanganya: punda aliyevaa miwani, jogoo anayefundisha darasa, mzee aliyebeba mlango mgongoni. Na maandishi, ya lugha ya Kiyahudi, yalianzia kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kitabu kilifunguka kwa upande ambao mimi nilikuwa nauita nyuma. Mara ya kwanza nilibandika jalada kinyume. Madame Dora alicheka, nikalibandua. Akaniambia nikiwa sijui niulize. Nilimjibu ndiyo, lakini moyoni niliona aibu, na nikaapa hatanicheka tena.

Miezi ikapita. Akaanza kuniita fundi mbele ya wageni wake. Mwanangu, jina lile lilinilevya. Mtu aliyeitwa "wewe, hey" barabarani kutwa nzima, halafu jioni anaitwa fundi, anaweza kufanya mambo mengi ili asilipoteze jina hilo.

Sasa kulikuwa na kitabu kimoja ambacho alikitafuta miaka mingi kwa barua na kwa simu. Kilikuwa cha watoto, chembamba, na aliyekichora ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyebaki Ulaya na ambaye hakutoka hai. Kuna siku mzee mmoja wa Queensburgh alimpigia simu. Mke wake alikuwa amefariki, na katika vitu vyake kulikuwa na kitabu ambacho alikuja nacho kutoka Ulaya akiwa msichana. Baba wa huyo mke ndiye aliyekichapa. Tulikwenda pamoja. Madame Dora alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mapajani njia nzima ya kurudi, kwa hiyo nikaendesha mimi. Kwenye robot moja, yaani taa za barabarani, nilimtazama, akawa ananusa karatasi.

Kilikuwa ndiyo nakala ya mjomba mwenyewe. Kwenye pambizo za kurasa, ile sehemu nyeupe inayozunguka picha, kulikuwa na alama za penseli, zimefifia sana. Madame Dora alizigusa kwa kidole lakini hakuweza kuzisoma, macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na wiki ileile alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji. Mimi sikujua kwamba alama zile ni mwandiko wa mjomba. Nilichosikia ni maneno machache: "Shona mgongo wake, fundi. Nitakisoma nikirudi na macho mapya."

Akaenda hospitali. Nikabaki na kitabu.

Nilikishona vizuri. Nilipomaliza nikakitazama, nikaona hakijapendeza. Kingo zilikuwa za kahawia, zimechanika, na zile penseli pembeni zilionekana kama michoro ya mtoto mtundu. Kule misheni kitabu hakikutoka mezani bila kupunguzwa kingo pande tatu kwa mashine mpaka zing'ae. Kuna sauti ndogo iliyoniambia ngoja, huenda alama zile zina maana. Nilikuwa na namba ya hospitali. Jirani yake wa chini alikuwepo, naye alisoma lugha ile. Ningeweza kugonga mlango mmoja tu. Sikugonga, kwa sababu fundi haulizi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Nikakipeleka kwenye duka la uchapaji karibu na Warwick Junction, ambako Justin, ndugu yetu wa Uvira, alikuwa akiendesha mashine ya kukata karatasi. Tukakata pande tatu. Kitabu kikatoka kimenyooka kama kipya. Nikarudi nacho nimekifunga kwa kitambaa safi, na nikakiweka mezani kwake pamoja na maua.

Madame Dora alirudi siku ya tatu, jicho moja limefunikwa. Alikaa bila hata kuvua koti. Akafungua kitabu kutoka kulia, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Akapitisha kidole ukingoni, juu, chini, juu tena.

"Maandiko iko wapi?" akauliza.

"Maandiko gani, Madame?"

"Ya mjomba. Ya penseli."

Hakupaza sauti. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba hakuna barua ya mjomba iliyobaki, hakuna picha yake, hakuna kaburi. Zile penseli ndizo mkono wake wote uliobaki duniani. Alikuwa amejiwekea nadhiri asizisome kwa kubahatisha, angoje jicho.

Mwanangu, nilitoka mbio. Sikuaga. Nilipanda taxi, nikashuka Warwick, nikamkuta Justin anafagia. Nikamuuliza vipande vya karatasi vya siku ile viko wapi. Akakuna kichwa, akasema vipande vyote anampa mama Thandi, anayechemsha mahindi kwenye mapipa kule nje, awashie moto.

Mama Thandi alikuwa mwanamke mkubwa wa Kizulu mwenye aproni ya bluu. Kizulu changu kilikuwa cha salamu tu, na nilisema upesiupesi, basi sijui alielewa nini. Nadhani alidhani nimetupa hati zangu za ukimbizi, kwa sababu alishika kifua akasema eish, akamwachia mwenzake mapipa. Akaleta gunia. Nusu yake ilikwisha kuingia motoni. Tulikaa chini kwenye saruji, mimi na yeye, miguu ya watu na mikokoteni ya wapagazi ikitupita, tukapekua kipande kimoja kimoja. Vyangu nilivijua kwa ile rangi ya kahawia. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimechanika, vingine vimelowa. Alivifuta kwa aproni yake. Tulipomaliza alinipa hindi nile, akakataa nishukuru sana.

Nilirudi Umbilo na mfuko wa plastiki. Nilitegemea kufukuzwa, na kwa kweli nilitaka kufukuzwa, ningejua nimesimama wapi. Madame Dora alimwaga vipande mezani, akavitazama kwa jicho moja, akaniambia nivute kiti.

"Weye umekata," alisema. "Weye utarudisha. Hautatoka kwa hii kazi mpaka iishe."

Ilituchukua miezi minne. Yeye alitafuta kila kipande kilitoka ukurasa gani, mimi nilikiunganisha kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano. Alikuwa ananisomea. Mengi yalikuwa maneno madogo ya kazi: hapa punguza manjano, hapa mkia urefushwe, huyu mbuzi anafanana na mwalimu wangu. Mjomba alikuwa anarekebisha kitabu ili kichapwe mara ya pili, na mara ya pili haikuja. Kuna jioni tulicheka mpaka nikasahau kosa langu, kisha nikalikumbuka, nikainamia gundi yangu.

Ukurasa wa tisa una ndege anayetoka dirishani, na haionekani kama anaondoka au anarudi. Pembeni yake tulipata kipande kimoja. Madame Dora alikisoma kimya, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akanitafsiria: "Hapa sijui. Nimuulize."

Baada ya hapo kipande kilikuwa kimechanika. Jina la yule aliyetaka kumuuliza lilikuwa kwenye nusu nyingine, na nusu nyingine haikuwamo mfukoni.

Nilirudi Warwick mara tatu. Mama Thandi alipekua hata majivu. Madame Dora alimpigia simu yule mzee wa Queensburgh, akajibu hakuwahi kusoma lugha ile, mke wake ndiye aliyeisoma, na mke hayupo. Siku nyingine Madame Dora alikuwa na hakika kwamba mjomba aliandika "dada", yaani mama yake, aliyekuwa Lubumbashi wakati ule akingoja barua isiyofika. Siku nyingine alisema hapana, huenda ni mchapaji tu. Mara moja aliniuliza mimi nafikiri nini. Nitafikiri nini mimi? Ni mimi niliyelikata jina.

Nilifanya kazi kwake miaka kumi na moja baada ya hapo. Hakuacha kuniita fundi, na kila aliponiita nilishtuka kidogo. Alinipa vitabu vyenye thamani kubwa kuliko kile, akaondoka akaniacha navyo peke yangu. Sielewi kwa nini aliniamini. Niliwahi kumuuliza kama alinisamehe, akasema swali hilo si la kwangu kuuliza, kisha akanimiminia chai. Nimelizungusha jibu lile kichwani miaka mingi, mwanangu. Kuna asubuhi naona lilikuwa ndiyo, na kuna asubuhi naona lilikuwa hapana. Alipofariki, vitabu vilikwenda kwa mpwa wake ng'ambo, kile chembamba pamoja navyo, na mimi ndiye niliyevifunga.

Sasa nakwambia ninachokijua, maana hayo mengine siyajui. Unaposhika kitu cha mtu ukaona ndani yake alama usiyoielewa, usiifute ili kitu kipendeze. Ondoa mkono kwanza. Huenda ni uchafu, na huenda ndiyo sauti pekee ya mtu iliyobaki, na wewe huwezi kujua kwa kutazama tu. Gonga mlango uulize, hata kama mwenyewe atakucheka. Kicheko kinaisha siku ileile. Mimi niliogopa kuchekwa, na tazama nilichobaki nacho mpaka nimezeeka. Na ukiwa umekwisha kuharibu, usikimbie. Rudi na ulichookota, hata kama hakitoshi, ukae na yule uliyemkosea kwa muda anaotaka yeye. Utachanganyikiwa, utashindwa kujua kama umesamehewa. Kaa hivyohivyo, ufanye kazi.

Na yule mteja wako, kesho mpigie simu, umwambie ulichofuta.

Mungu akubariki, mwanangu, katika mji huu tuliofikia. Akupe mikono yenye ustadi na yenye subira, akupe watu wa kuwauliza wangali hai, na wewe mwenyewe upate mtu wa kukujibu kila utakapoita. Amina.