Onyo la Njano

Berenice Losper alisomea fizikia akaishia kulaumiwa kwa mvua. Sisi wa bonde la Rietkloof tulijivunia kuwa na mtu wetu katika ofisi ya utabiri wa hali ya hewa kule Cape Town, kwa kuwa sasa tulikuwa na wa kumsema kwa jina.

Maonyo hutolewa kwa rangi, na bonde letu limeyapa tafsiri yake. Likiwa la njano, unaanua nguo. La machungwa, unahamisha kondoo. Jekundu, unahamisha bibi. Hakuna aliyetufundisha hayo, na ofisi ingeyajua ingeona aibu, lakini ndivyo tunavyoishi kila majira ya baridi.

Julai ya mwaka jana Berenice alisimamia onyo jekundu. Bonde zima likahama. Wazee wakalala kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, wakanywa supu ya maharagwe na kusikiliza paa. Yakaja manyunyu yasiyotosha kulowesha kofia, kisha jua likatoka. Jumapili mchungaji aliwaombea "wale wanaojua yajayo", watu wakakohoa ili wasicheke. Gawie, kaka yake Berenice, anayekaa pale mto unapokata kona, hakujisumbua kukohoa.

"Mama mkwe wangu hajanyooka mgongo mpaka leo," alimwambia Berenice, aliyekuja nyumbani wikendi hiyo, nje ya kanisa. "Ukiona wingu tena, dada, muulize yeye kwanza."

Berenice alicheka pamoja nao. Nadhani ndipo jambo hilo lilipoanza kumla.

Juni mwaka huu duara la hewa baridi lilijitenga na wenzake huko kusini, likawa linazurura baharini kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Kompyuta moja ilisema litafia majini. Nyingine ilisema litakwama juu ya milima yetu, lilete ngurumo, mvua ya mawe na upepo wa kung'oa mabati. Kila asubuhi watabiri hukaa pamoja na kukubaliana rangi, na neno la mwisho ni la mwenye eneo. Eneo lilikuwa la Berenice. Aliiamini ile kompyuta ya pili. Alinieleza hivyo mwenyewe. Kisha akauona ukumbi wa kanisa, na wazee, na mchungaji.

"Njano," akasema, na wenzake wakaandika njano.

Hata chai haijapoa, Gawie akapiga simu.

"Dada, milima imevaa nyeusi huku. Nihame?"

"Umesikia redio?"

"Redio nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Watabiri wana adabu yao: ndugu hapewi utabiri ambao umma haujapewa. Ni adabu nzuri, inazuia upendeleo.

"Ni njano, Gawie."

"Basi leo mama mkwe amepona."

"Usianze."

"Naanua nguo, mheshimiwa," akasema, akakata simu.

Mama mkwe alipona kweli. Alikuwa kliniki na binti yake, kwa ajili ya mgongo uleule.

Mchana rada ilionyesha duara limeketi juu ya milima na halina haraka. Berenice akapandisha onyo hadi jekundu. Safari hii lilikuwa sahihi kabisa, ila upepo ulikuwa umeshaangusha mnara wetu wa simu. Alipiga namba ya Gawie mpaka jioni. Mto ulifurika, maji yakabeba jiko, yakabeba sebule na Gawie aliyekuwa ndani yake, yakaacha chumba cha kulala kimesimama peke yake. Walimkuta chini ya daraja.

Kamati ikaja, ikaandika kwamba kwa taarifa zilizokuwapo njano ulikuwa uamuzi wa busara. Berenice aliisoma ripoti hiyo mara nyingi, akitafuta mahali anapolaumiwa. Hakupaona.

Siku ya mazishi alikwenda kwa Rozelle, mjane wa kaka yake, akiwa tayari kutukanwa. Rozelle hakumtukana. Alimwonyesha kikapu kilichookolewa juu ya kabati la chumbani: nguo zimekunjwa vizuri, kavu.

"Alikusikiliza, wifi," akasema. "Alianua zote. Hata za mama."

 Berenice akaomba shati moja la kaka yake.

"Hapana," Rozelle akasema. "Bado hazijapigwa pasi."