Maji ya Nyuma

Mashine niliinunua soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini kwetu, kwa muuzaji aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mtu mwenye haraka ndiye ninayempenda sokoni. Ilikuwa mashine ndogo ya kuchuja maji, inaenea juu ya meza ya jikoni, na ilikuwa na tanki mbili. Unajaza ya nyuma kwa maji ya kisima, unachomeka waya, inanguruma kama mtu anayekataa bei, kisha maji safi yanadondoka kwenye tanki ya mbele. Yanayobaki nyuma yamebeba kila uchafu ambao ya mbele yameuacha.

"Ile ya nyuma unatupa," muuzaji aliniambia.

Nikamwuliza kama yeye amewahi kuvuta maji kisimani kwa kamba.

Kisima chetu kiko upande wa Naviundu, na maji yake yanaacha alama ya kijani kwenye sufuria. Ndiyo sababu mke wangu alitaka mashine. Lakini ndoo ni ndoo. Nilimimina moja nyuma, mbele nikapata chini ya nusu. Nikapima tena, nikidhani mashine inaniibia. Haikuwa inaiba, ndivyo inavyofanya kazi. Basi nikaamua kwamba maji ya nyuma hayatatupwa: yatasafisha sakafu, yataosha pikipiki, yataingia chooni. Nikatafuta bidoni nyeupe, madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, zote za aina moja, kwa sababu ukichukua zote unapunguziwa. Zenye kifuniko cha bluu zilikuwa za kunywa, zikakaa juu ya meza. Zenye kifuniko chekundu zilikuwa za nyuma, zikakaa chini ya meza, zimefichwa kwa kipande cha kitenge, nazo zikaongezeka, maana kusema kweli sakafu yetu haikuwa inaona maji mara nyingi hivyo. Mke wangu aliniambia niandike kitu juu ya bidoni hizo. Nilimjibu kwamba katika nyumba hii kila mtu anajua.

Halafu mama yake akaja kutoka Kasenga, na kapu la samaki wakavu ambao harufu yao ilifika kabla yake.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Sikai naye chumba kimoja, sili mbele yake, sisemi naye uso kwa uso, na nguo yake siigusi hata kama inaanguka matopeni. Nikiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu, hata kama sote watatu tunasikiana vizuri. Kwa hiyo wakati wote alipokuwa kwetu niliishi uani. Bukari yangu, ugali wa kwetu, ililetwa uani, wageni wangu walinikuta uani. Jikoni sikukanyaga, na sikuona mama mkwe anakunywa nini.

Asubuhi ya safari yake, mke wangu alikwenda barabarani kutafuta teksi. Mimi nilikuwa chini ya dirisha la jikoni, nikifunga kamba kwenye kapu lililokuwa la samaki, sasa limejaa unga. Jirani yetu, mama anayeuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya mlango wetu, akaingia ndani kumuaga mgeni. Nikawasikia. Mama mkwe alikuwa anamweleza kwamba anampelekea dada yake mkubwa bidoni moja ya maji, kwa kuwa tumbo linamsumbua tangu mvua zianze, na maji ya mashine huenda yakamsaidia.

"Lakini hapana hii ya juu ya meza," akasema. "Hii inapita mu kinywa kama haiyapita. Mi nakunywaka ile ya chini, ya kifuniko ya rouge. Ile njo iko na ladha ya maji."

Jirani akamwuliza nani alimwonyesha ile ya chini.

"Hakuna. Mukwe wangu nabajua. Bantu ba kuchunga vile, kintu ya muzuri habawezi kuiacha juu ya meza. Banaifichaka chini."

Alisema kwa sifa. Hilo ndilo lililonikaa. Angesema kwa dharau ningejua pa kuiweka, lakini mama huyu alikuwa ananisifu, na kwa sifa hiyo alikuwa amekunywa maji ya kuoshea pikipiki tangu siku aliyofika.

Nilibaki na kamba mkononi. Kwanza nikawaza kubadilisha bidoni kimya kimya. Niliinua kichwa kidogo: ilikuwa kwenye kiti, imefungwa ndani ya kitenge chake, fundo juu ya fundo. Basi nikaanza kupunguza kosa kama ninavyopunguza bei. Bidoni moja ni nini? Watu wa kule wamekunywa maji ya mto Luapula maisha yao yote. Na mke wangu atarudi sasa hivi, atasema yeye. Nilishusha bei mpaka karibu kosa liwe bure. Kisha honi ya teksi ikalia mlangoni, jirani akaikumbatia bidoni ile kumsaidia mgeni, na yule dada anayeumwa tumbo akawa bado anaingoja.

"Mama," nikamwambia jirani kupitia dirishani, macho yangu kwenye kapu, "mubaambie mama mukwe ile bidoni basiibebe. Iko maji ya kutupa. Mashine inaiachaka nyuma na buchafu yote."

Jirani alikuwa katikati yetu, mama mkwe amesikia kila neno, lakini heshima ni heshima: akageuka, akamwambia tena yote, taratibu, na "buchafu" akaitaja mara mbili.

Mama mkwe akamnong'oneza kitu.

"Banauliza, papa," jirani akasema, na sikuwahi kumwona ana raha namna ile, "kama iko ya kutupa, ulikuwa unaichungia nini?"

"Ya kusafisha nyumba."

Jirani akaangalia sakafu, akaangalia ukuta. "Nyumba hii?"

Nikaongeza fundo kwenye kapu lililokuwa limeshafungwa.

Mama mkwe akaichukua bidoni kwa jirani, akaja nayo uani, amejifunika kitenge kichwani, mgongo kwangu. Akafungua mafundo, akafungua kifuniko chekundu na kumwaga maji yote juu ya sementi, pole pole, mpaka tone la mwisho. Halafu akasema bila kugeuka, na bila mtu wa tatu:

"Mukwe, nilisema unaficha ya muzuri."

Ni neno pekee aliloniambia yeye mwenyewe tangu nimwoe binti yake.

Nikamwambia jirani amletee bidoni ya bluu ya juu ya meza, iliyokuwa imejaa nusu tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi na mashine imelala. Nyingine ya kumpa haikuwepo. Za vifuniko vyekundu zilikuwepo nyingi.

Mke wangu, aliyeitanguliza teksi akirudi kwa miguu, alikuta mama yake ameshaketi ndani. Jioni, jirani akiwa ameshamweleza yote, alimpigia mama yake simu mara tatu kumwuliza hali ya tumbo. Liko tu vizuri, alijibiwa. Na dada yake? Amekunywa, anashukuru, ila anauliza kama kweli yale ni maji. Mke wangu alinisimulia yote hayo akiwa anapepeta unga, bila kunitazama, na sikusikia nafuu yoyote.

Zile nyekundu nilizimwaga zote chooni. Lakini pale uani, aliposimama mama yake, maji yalikauka yakaacha mduara mweupe kwenye sementi. Nimeusugua kwa brashi, nimeusugua kwa majivu, wiki iliyopita nimeusugua hata kwa maji ya bidoni ya bluu. Jirani akija kuomba moto wa kuwashia makala yake, anauzunguka, anapita pembeni, kama mtu anayempisha mama mkwe.