Siku Thelathini za Filimbi

Kuna watu Mungu amewajalia roho ya kusamehe, na kuna Ufito. Ole wako umwambie Ufito kwamba yaliyopita si ndwele. Atakukazia macho akuulize: si ndwele kwa nani, kwa aliyepigwa au kwa aliyepiga?

Jina la Ufito alipewa na watoto wa mtaani kwao, siku alipoingia dukani kununua sabuni akajigonga kipaji cha uso kwenye fremu ya mlango. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kila baada ya miezi michache ilimbidi aongeze kipande kwenye pindo la gauni la binti yake, mpaka magauni yakawa na rangi tatu tatu. "Wewe mtoto, kitambaa kinakwisha na wewe huishi," alikuwa akilalamika, pini mdomoni. Walikuwa wawili tu, chumba na sebule, cherehani dirishani, wakicheka na kugombana kama mtu na dada yake.

Urefu ule ambao nyumbani ulikuwa kero, kwenye mpira wa kikapu ukawa mali. Akiwa na miaka kumi na tisa Ufito alikuwa akiruka chini ya kikapu anadaka mipira wenzake wakiwa bado wanakunja magoti. Kwenye mashindano fulani wageni wawili walikaa jukwaani na daftari, wakaandika weee, na mwezi haukupita barua ikaja: klabu ya ng'ambo inamtaka. Mkataba, chumba, kila kitu. Kilichobaki ni karatasi moja tu, barua ya klabu yake ya nyumbani kusema tumemwachilia. Ipigwe mhuri, ifike ndani ya siku thelathini, kabla usajili wa kule haujafungwa.

Sasa mhuri huo ulikaa wapi? Mfukoni mwa suruali ya Filimbi, umefungwa kwa kamba kwenye mkanda. Filimbi ndiye aliyekuwa kocha, ndiye katibu, ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya mipira. Jina alilipata kwa sababu alipuliza filimbi hata kumwita mtu aliyesimama mbele yake. Ufito alimwendea na barua yake.

"Hongera, mwanangu," Filimbi akasema. "Njoo kesho."

Kesho akaambiwa wino umekauka. Kesho kutwa akaambiwa mwenyekiti hajaafiki. Halafu ikatakiwa picha ndogo, halafu picha ile ikawa imekaa upande. "Njoo kesho, mwanangu, haraka ya nini?" Siku ya thelathini Ufito alishinda kwenye ngazi za klabu tangu asubuhi, na Filimbi hakutokea kabisa.

Siku ya thelathini na mbili, mpwa wake Filimbi, binti wa dada yake, alipanda ndege kwenda klabu ile ile. Kumbe mzee alikuwa ameshawaandikia wale wageni kwamba Ufito goti limekufa, ila asiwe na wasiwasi mtu, yupo mwingine! Na mhuri akaugonga yeye mwenyewe, vizuri kabisa, wino tele. Mpwa mwenyewe alirudi baada ya miezi mitano, kasema baridi imemshinda.

Ufito alikwenda uwanjani mazoezi yakiendelea, akasimama katikati. "Umeniua, Mwalimu," akasema mbele ya wote. Filimbi akapuliza filimbi. "Toka kwenye mstari," akamjibu, "watu wanafanya mazoezi."

Kanuni ya wakati ule ilikuwa hivi: kadi ya mchezaji ikikaa misimu miwili bila kucheza, klabu haina haki naye tena. Basi Ufito akasusa. Misimu miwili hakugusa mechi hata moja. Alifanya mazoezi peke yake nyuma ya karakana ya seremala, akipiga mpira ukutani mpaka seremala akamwomba amwonee huruma, misumari inadondoka. Mama alimtia moyo huku miguu ikikanyaga cherehani. Mama alikuwa na ndoto moja tu, wala haikuwa kubwa: kumsindikiza. Alishona gauni la kwendea uwanja wa ndege, la bluu, lenye mifuko. "Nitakupungia mkono mpaka walinzi wanitoe," alisema, na alilisema mara nyingi mno hata majirani wakalijua.

Msimu wa pili mama akaanguka kwa shinikizo la damu. Siku tatu hospitali, ya nne hakuamka. Alizikwa na lile gauni. Ufito aliondoka miezi mitano baadaye, kadi ikiwa huru na klabu nyingine ya ng'ambo imemwita, na kwenye uwanja wa ndege hakuna mtu aliyempungia mkono.

Alicheza ng'ambo misimu kumi na moja, katika miji mitatu. Nisikudanganye kwamba ilikuwa raha. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda kifupi, akilala miguu inakaa juu ya kiti. Lugha ya kule alianza kuijua kwa matusi, kwa maana hayo ndiyo kocha aliyoyatumia zaidi. Aling'olewa jino, akavunjwa kidole, akabandikwa plasta akarudi mchezoni. Wenzake walishangaa huyu mwembamba anakula nini. Alikuwa anakula hasira, asubuhi na jioni.

Wakati wa mitupo huru, pale mchezaji anapoachwa peke yake mbele ya kikapu na ukumbi mzima unamzomea, Ufito alidundisha mpira mara mbili tu. Dundo la kwanza alisema "njoo", la pili "kesho". Kisha anatupa, na mpira unaingia. Katika mitupo mia alikosa kumi na mmoja. Wenzake wakadhani ni dua ya kwao. Nahodha akaiga, na wengine nao, hata msimu wa nne timu nzima, mabinti wa watu wasiojua neno lingine la Kiswahili, wakawa wanashikana mabega kabla ya mechi wanapaza sauti: "Njoo kesho!" Mwandishi mmoja wa gazeti akamuuliza ni nani anayempa nguvu. "Kuna mzee mmoja nyumbani," akajibu. Wasomaji wa kule wakaliona jambo zuri sana.

Goti, lile lililosingiziwa kufa, likaja kufa kweli. Ufito akarudi nyumbani, na chama cha mpira wa kikapu kikampa ukatibu wa ufundi: ofisi ya kona, feni, kompyuta, na karani mmoja mama mtu mzima mwenye masikio marefu. Na mambo yalikuwa yamebadilika. Mhuri wa klabu haukuwa na kazi tena. Mchezaji akiitwa ng'ambo, kibali hutoka chama, kwenye kompyuta, na anayekibonyeza ni katibu wa ufundi. Mungu si Athumani! Ufito alikaa kwenye kile kiti akangoja, akijua tu iko siku.

Siku ikaja na miguu yake. Mlango ukagongwa, akaingia Filimbi. Alikuwa amezeeka, koti linamning'inia, kashika faili la plastiki. Kitindamimba wake, binti wa miaka ishirini aliyekuwa akiishi hosteli ya klabu, ameitwa ng'ambo. Siku thelathini. Ufito hakumwamkia. Alimtazama tu, kama mechi inaanza.

"Mheshimiwa katibu," mzee akasema, "nimekuja na shida ya mwanao."

"Faili lako limekamilika?"

"Limekamilika, ila mhuri tu."

"Njoo kesho," Ufito akasema. Miaka kumi na minne alikuwa ameyatafuna maneno yale, na utamu wake, jamani, ulimshuka hadi vidole vya miguu.

Lakini alasiri ile ile alimwita yule binti. Mtoto wa watu hakuwa na kosa; Ufito hakuwa mchawi. Alimweka mbele ya kompyuta, akabonyeza, kibali kikaenda, na jibu la klabu ya ng'ambo likarudi kabla chai haijapoa. Binti akalia, akamshika mikono. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, nakuomba, usimwambie baba."

"Kwa nini?"

"Akijua atataka aandikwe msimamizi wangu. Anasema tutakwenda wote, akae na mimi kule. Tangu nina miaka saba ananipulizia filimbi, dada. Hata nikiwa mezani nakula. Niache niende peke yangu."

Ufito alicheka mpaka karani akachungulia. Alikuwa ametafuta fimbo ya kumpigia Filimbi miaka yote hiyo, na kumbe fimbo ameizaa mzee mwenyewe.

Basi Filimbi akaanza kazi ya benchi. Kila siku ya kazi, saa mbili kamili, yuko kwenye korido, faili magotini. Hakuwahi kuuliza kama siku hizi mambo yanakwenda kwa kompyuta. Kwake yeye kitu kisichogongwa mhuri hakijawa kitu. Ndivyo alivyoishi na ndivyo alivyowatesa wengine. Ufito alimtuma picha ndogo. Alizileta. Picha imekaa upande, Mwalimu. Akaleta nyingine. Alimtuma cheti cha kundi la damu, la binti, kisha la baba. La baba! Mzee akaenda kutobolewa kidole, akarudi na pamba. Binti naye, akipigiwa simu na baba yake, alijibu kwamba bado hajasikia kitu. Hata mkewe Filimbi alikuwa amekwisha kuambiwa na binti yake, anapika, anamtazama mumewe akipiga pasi koti, ananyamaza.

"Bosi," karani akasema wiki ya tatu, "si kile kibali tulishakituma?"

"Tulishakituma."

"Na yule babu?"

"Mpe maji ya kunywa. Na mdomo wako uufunge."

Siku ya thelathini ikawadia. Ndege ya binti ilikuwa saa saba mchana. Mama yake alimsindikiza, amemuaga mumewe kwamba anakwenda kumwangalia mgonjwa. Saa nne Ufito alitoka ofisini, akamkuta Filimbi si juu ya benchi bali mbele yake, anashuka chini polepole, mkono mmoja ukutani, goti la kwanza, goti la pili.

"Leo ndiyo mwisho," mzee akasema. "Mimi najua nilichokutenda. Usidhani nimesahau. Nipige mimi, mtoto mwachie."

Hapo, msomaji wangu, Ufito alikuwa na kila alichokitaka. Mzee yuko chini, amekiri, karani ni shahidi. Kutoka pale hadi uwanja wa ndege ni dakika arobaini. Neno moja tu lingetosha, na Filimbi angemwona mwanawe akipita mlango wa abiria. Karani alimtazama bosi wake, macho yanamsihi.

"Inuka, sakafu ina vumbi," Ufito akasema. "Kaa, nitakuita."

Akaingia ndani akafunga mlango. Usidhani hakuteseka. Alishika kitasa mara mbili. Saa tano, saa sita. Mara ya pili kitasa kilikuwa kimeshazunguka nusu, ndipo akamwona mama yake, pini mdomoni, anapima mifuko ya lile gauni. Akakiachia kitasa, akarudi kukaa.

Saa nane alifungua mlango. "Mwalimu," akasema, "kibali kilitoka siku ya kwanza. Siku ile ile uliyokuja. Mwanao ameondoka saa saba, na mama yake amemsindikiza. Binti mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe."

Alingoja mzee apige kelele. Alikuwa ameyatayarisha majibu ya kila tusi. Faili likamponyoka mzee, picha zikatawanyika sakafuni, zilizokaa sawa na zilizokaa upande.

"Ameondoka," akasema. "Kwa hiyo amekwenda kweli? Hawakumkataa?"

"Amekwenda."

"Ahsante," Filimbi akasema, machozi yanamtiririka. "Ahsante sana, mwanangu."

Ufito alihisi kama kapigwa kibao. Anashukuru! Siku thelathini za benchi, kidole kimetobolewa, magoti yamepigwa, na huyu mtu anashukuru. Hasira ilimpanda upya mpaka masikioni. "Huelewi," akamfokea. "Hukumuaga! Mkataba ni miaka mitatu na wewe una sabini na mbili. Mtoto wako ameondoka na hukumpungia mkono, mimi nimekuzuia, kwa makusudi, kama nilivyonyimwa mimi."

"Nimeelewa." Filimbi alipangusa uso kwa mkono wa koti. Kisha akauliza, "Wewe alikusindikiza nani?"

"Hakuna. Mama alikuwa kaburini miezi mitano. Kama ningeondoka siku zile ulizoniambia njoo kesho, angekuwepo."

Mzee aliinamisha kichwa. Hili alikuwa hajui, hakuwahi kuuliza. Karani alikuwa ameacha kuchapa. Filimbi alishika ukingo wa benchi, akajiinua, akasimama mbele ya Ufito, kichwa chake kinamfikia kifuani.

"Basi umelipa kisasi," akasema. "Tumekuwa sawa."

"Hatujawa sawa," Ufito akamwambia. "Wako atarudi."