Kumsindikiza Wifi Mpaka Relini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Hazina miguu, mtazikuta palepale.

Nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, hatuna gari wala hatujawahi kuwa nalo, na sitaki mtu anionee huruma. Kanisani naenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, msibani kwa miguu. Zamani ilikuwa rahisi maana mji ulikuwa mdogo. Sasa umetambaa kama maboga. Kule tulikolima mihogo kuna nyumba za bati jekundu, na mbele yake viwanja vingine vimeshapimwa. Huko ndiko alikokuwa akikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alijengewa na mwanawe aliyeko Dar, nyumba nzuri, ina vigae sakafuni, lakini ukitaka chumvi uanze safari.

Tumetembeleana tangu nilipoolewa. Na desturi mnaijua, au mliijua kabla hamjaiacha: mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa. Sisi tulikuwa tunasindikizana mpaka relini, kwa njia ile ya zamani waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Tukifika anasema, "Sasa wewe utarudi peke yako?" Basi ananirudisha nusu ya njia. Mimi nami siwezi kumwacha hivihivi, namgeuza tena. Mwenye duka mmoja pale njiani aliwahi kutuuliza kama tumepoteza kitu.

Tena kuna jambo. Ndani ya nyumba mtu anazungumza habari za mvua, za karanga, za wajukuu. Lililomleta halisemi. Hilo hulitoa njiani, mkiwa mnatembea, hamtazamani usoni. Mimba ya mwanangu wa kwanza nilimwambia wifi njiani. Naye, mumewe alipooa kwingine, aliniambia njiani, tena kabla hatujaiona reli.

Sasa mkwe wangu, mke wa mwanangu ninayeishi naye, ni mtu mwema, ana huruma kupita kiasi. Alipoona shangazi wa mumewe, yaani wifi yangu, anafika akihema, akaanza kumwitia bodaboda. Mgeni hajamaliza chai, pikipiki inanguruma uani. "Mama, kwa nini achoke na usafiri upo?" Nikaona ni kweli. Wifi anapandishwa, anakunjiwa khanga vizuri, anapakata kikapu chake cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, huyo, vumbi tupu. Mimi narudi ndani kupepeta mchele.

Mwaka huu, baada ya mavuno, akaja. Siku mbili tatu hazijapita, akaja tena. Nikashangaa, maana si msiba wala si sikukuu. Anakaa, anazungusha kikombe, anasema viazi vimekauka vizuri. Pikipiki inakuja, anaondoka. Haikupita wiki, huyo tena mlangoni.

Mkwe akatoa simu. Wifi akamtazama. "Mwanangu, hiyo pikipiki yako ina nini na mimi? Kila nikitaka kufungua mdomo inanichukua."

Mkwe akacheka, akadhani ni utani. Mimi sikucheka. Nikavaa ndala.

"Twende," nikamwambia wifi.

"Utaweza? Naona kiuno kimekuwa kizito."

"Babu yangu alibeba pembe ya tembo kutoka hapa mpaka pwani."

"Babu yako alibeba. Wewe hujagusa hata kikapu changu."

Nikamnyang'anya kikapu. Tukapita dukani, yule mwenye duka akatupungia mkono: "Leo mmekumbuka mlikokipoteza?" Wifi hakumjibu, naye si mtu wa kuacha utani upite. Tulipokaribia reli akasema, macho mbele, "Wananihamisha, wifi. Mwanangu anakuja mwisho wa mwezi kunipeleka Dar."

"Nani kasema unataka kwenda?"

"Hakuna aliyeniuliza. Anasema naishi mbali na kila kitu, gari hatuna, nikiugua nani atanifikisha hospitali. Anasema kwa mapenzi, simlaumu. Lakini Dar nitamsindikiza nani? Nitakaa ghorofani natazama magari ya watu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu siku ile ya kwanza.

"Ningesemea wapi? Nimemshika mwendesha pikipiki kiuno?"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kisha nikamuuliza, "Chumba changu cha uani unakijua?"

"Kile cha magunia ya karanga? Kina kuku analalia."

"Kuku atahama. Kutoka pale kituo cha afya mtu anafika hata akichechemea."

Hakusema ndiyo, ila aliniuliza kama paa lake linavuja. Alinirudisha nusu ya njia, nami nikamgeuza.

Jioni ile nikamwambia mkwe sasa simu yake ifanye kazi ya maana, ampigie huyo mtoto wa wifi kule Dar, kisha anipe niongee naye mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako hahami Tabora. Anahamia kwangu."

"Mama, lakini nyumba ile nimejenga..."

"Pangisha."

"Na usafiri?"

"Usafiri wa kwenda wapi? Kanisa liko hapo, kituo cha afya hapo, mimi niko hapa. Umemuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi?"

Halafu akasema, "Haya, mama. Tujaribu mpaka masika yapite, nije nimwone." Tujaribu linanitosha. Kuku alihama kesho yake, na hakufurahi.

Wifi sasa yuko uani. Analalamika kwamba nakoroma na kwamba chumvi naweka kidogo. Sokoni tunakwenda wote, na tukirudi yule mwenye duka hatuulizi tena kitu.

Siku aliyohamia niliwaita watu wote wa nyumbani, mkwe wangu akiwa mbele kabisa na simu yake mkononi, nikawaambia: "Mgeni wa nyumba hii asipandishwe chombo mlangoni. Asindikizwe kwa miguu mpaka relini, asikilizwe, halafu ndipo mumwitie hiyo pikipiki yenu."