Kwa nini sishukii Kiganjo tena, hata kama treni imerudi

Wakuu, salamu kutoka Nyeri kwenye baridi. Hii ni ukweli mtupu. Mniite muongo mkitaka, nimechoka kuibeba peke yangu.

Kabla treni ya Nanyuki irudi, mtu wa kwetu akitoka Nairobi alikuwa anashuka Karatina, anatafuta gari ya pili ya kwenda nyumbani. Vumbi, mbio, makanga wa matatu wanakuvuta kila mkono.

Treni iliporudi, wote tukahamia Kiganjo. Unashuka ukiwa umetulia, boda inakungoja nje. Karatina tukaisahau kabisa.

Mzee wangu ndiye aliipenda treni zaidi. Nilikuwa nampeleka clinic Nairobi, shida ya moyo. Tukirudi anakaa dirishani, anapiga stori za treni ya zamani mpaka behewa yote inamsikiliza.

Sasa, kati ya Karatina na Kiganjo kuna halt moja ya zamani, kituo kidogo tu cha treni. Jina sitaji. Siku hizi treni haisimami hapo, lakini zamani wazee wetu waliofanya kazi Nairobi walishukia hapo mwisho wa mwezi. Bibi zao walikuja kuwapokea na viondo vya kubebea mizigo. Mwanaume akishuka bila kupokelewa ilikuwa aibu, majirani wanasema hiyo boma imevunjika.

Mzee wangu alikuwa mmoja wao, na mamangu hakuwahi kukosa.

Siku moja ya mwezi wa saba, mchana, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa reli. Treni ikapunguza mwendo pale halt. Mzee akasimama, akachukua kofia yake.

"Wacha nishuke. Mama yako amekuja."

Wakuu, mama tulimzika kabla hii treni irudi.

Nikacheka. "Baba, kaa chini, hapa haisimami." Halafu nikaangalia nje.

Woi! Alikuwa amesimama pale, kitambaa chake cha kijani kichwani, kamba ya kiondo kwa paji la uso. Mimi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia milango, behewa moja baada ya ingine. Nilishika koti ya mzee na mikono miwili mpaka tukapita.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa atarudi nyumbani peke yake," akaanza kulia. Hata kwa mazishi ya mama hakulia hivyo.

Clinic iliyofuata hakutoka. Moyo ulimshinda huko huko Nairobi.

Tulimleta nyumbani na gari, convoy na maua. Kwani nani hubeba maiti na treni siku hizi? Tukamzika kando ya mama. Nikajiambia haya basi, sasa wako pamoja.

Wikendi iliyofuata nikitoka job Nairobi nilipanda treni kama kawaida. Siku hiyo jua lilikuwa kali, hata ukungu wa kusingizia hakuna.

Mama alikuwa pale. Peke yake. Bado anaangalia milango.

Tangu hapo nashuka Karatina, napigana na makanga kama zamani. Watu wa kwetu wananicheka ati nimezoea shida. Wacha wacheke.

Nilichojifunza: mzee akikuonyesha mahali anataka kushuka, usikimbilie kumwambia kaa chini. Muulize kwanza ni nani anamngoja.

Kuna mtu wa hiyo line ameona kitu? Na nyinyi mnaojua mambo ya kimila, nisaidieni, tafadhali msinitanie. Nataka kwenda pale halt nimwambie mama kwamba mzee alipitia barabarani. Lakini akiona ni mimi nimekuja, si atafikiria ni mimi alikuwa anapokea?