Siku Mkia Alipotangulia

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, kama kila mtu, lakini kazini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mkia. Hakuwa amefanya kosa lolote kulipata jina hilo. Ndiyo kazi yake ilivyokuwa. Wageni wakipanda mlima kwenda ziwani, kaka yake alitangulia, wageni wakafuata, naye akafunga msafara. Wengine huburuta mkia shuleni kwa aibu. Yeye aliuburuta kwa mshahara, tangu ndevu zilipoota mpaka zilipoanza kuwa na mvi.

Wala usiidharau kazi ya nyuma. Mtu wa mbele anaona mlima, wa nyuma anaona migongo, na mgongo haujui kuficha. Mkia alijua nani atachoka kabla mwenyewe hajajua, nani viatu vyake vimetoka dukani jana, na mume na mke gani wameamka wamenuniana. Mgeni akilegea, Mkia alikuwa naye. Akitaka kulia kidogo kwa uchovu, alilia mbele ya Mkia, na habari hizo hazikufika popote.

Yeye na kaka yake walikuwa na filimbi. Wa mbele alipuliza mara moja, mlio mrefu. Wa nyuma akiona wote wapo, alijibu mara mbili, fupi fupi. Asipojibu, wa mbele alisimama. Lugha yenyewe iliishia hapo, na kwa miaka mingi iliwatosha. Kaka alikuwa msemaji, mtu wa kusifia kila jiwe mpaka ukatamani kulibeba nyumbani, lakini maneno yale yalikuwa ya wageni. Kwa mdogo wake alipuliza tu. Na hakugeuka. Awe njiani, awe majini, kaka yule hakugeuka hata siku moja kutazama nyuma.

Jambo hilo lilimkaa Mkia kooni kama mwiba wa samaki. Jioni moja wakiwa stoo wanaanika boti zao za kujaza upepo, likamtoka.

"Miaka yote hii, kaka, hujawahi kugeuka kuniangalia."

"Nikuangalie wa nini? Kwani umepotea?"

Kaka alisema vile akicheka, huku anakamua soksi. Mkia hakucheka. Mwezi uliofuata kaka alipata kazi kwenye kampuni kubwa, kwenye milima ya mbali, nchi nyingine. Akamwambia, "Twende wote." Mkia akamjibu, "Nenda. Si umezoea kwenda?" Basi wakaachana hivyo, watu wa tumbo moja, na simu ikawa kimya upande huu na upande ule.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya stoo. Vitanda viwili, dirisha moja, jiko la gesi juu ya meza. Kitanda cha kaka sasa kilikuwa kimelaliwa na majaketi yanayosubiri kushonwa. Mkia aliendelea kupikia sufuria ileile kubwa, na kila jioni alishangaa kwamba chakula kimebaki. Kulikuwa na mwanamke aliyewahi kumngoja, zamani. Naye alichoka kungoja akaolewa na mtu anayewahi. Mkia alikuwa mpweke, na tusipambe: upweke ulimuuma.

Asubuhi moja bosi alimwita. Bosi alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa.

"Leo unakaa mbele," akasema. "Wageni watano tu. Ukiwavusha vizuri, nafasi ya kaka yako ni yako. Ukishindwa sikufukuzi, usiogope. Nitaleta kiongozi mwingine, wewe utabaki stoo kuziba matundu."

"Na nyuma atakaa nani, mama?"

"Hakuna. Watu watano wanataka mkia wa nini?"

Mkia akaitazama stoo. Boti zilining'inia kwenye misumari, zimetolewa upepo, zimenyong'onyea. Akajiona humo siku nzima na gundi yake, hana hata mgongo wa kuutazama. Akafunga mkoba.

Wageni walikuwa vijana wanne wa ofisi moja, waliokuja kupumzika lakini bado wanazungumzia ofisi, na mama mmoja mtu mzima aliyekuja peke yake. Mama huyo alijieleza kwa neno moja: "Nesi." Kisha akaongeza, "Mstaafu. Lakini usinibebe kama yai." Kila mmoja alibeba boti yake mgongoni, imekunjwa ndogo kama blanketi, na kasia lililofunguliwa vipande vinne. Wakaanza kupanda.

Mwanzoni Mkia alitangulia vizuri. Lakini mbele hapakuwa na kitu cha kumshika macho. Njia tupu, mawe, ukungu. Miguu yake haikujua mwendo wa kwenda bila mgongo wa kuufuata. Alisikia vijana wakicheka nyuma yake, akaona kama wanamcheka yeye. Walipokaribia juu, akasikia pia kiatu kimoja kinachoburuzwa. Sikio lake lilikijua kiatu cha namna ile. Nesi alikuwa ameanza kuchechemea.

Akasimama. Akamkalisha Nesi juu ya jiwe, akamvua kiatu. Kisigino kilikuwa kimetoka lengelenge. Vijana wakasimama, wakauliza kama wangoje, na Mkia, bila kuinua kichwa, akasema neno alilolisema maisha yake yote:

"Tangulieni tu. Nyuma nipo mimi."

Wakatangulia. Akasafisha kisigino, akabandika plasta taratibu, Nesi akimsahihisha kidogo kwa sababu ya uzoefu. Ilikuwa raha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mkia alijisikia yuko mahali pake. Akamfunga Nesi kamba za kiatu, akainuka, akatega sikio kusubiri filimbi ya mbele.

Filimbi haikulia. Ndipo alipokumbuka iko wapi. Ilikuwa shingoni mwake.

Pale mbele kulikuwa na njia panda. Kushoto njia iliteremka ufukweni. Kulia iliingia kwenye mteremko wa mawe yasiyoshikana, na ndiko njia iliko pana, kwa hiyo ndiko asiyejua anakoelekea. Mkia alikimbia. Aliwakuta vijana wote wanne katikati ya mteremko, wameketi kitako, wameshikana mikono, na kila mmoja akimkataza mwenzake asipumue. Mawe madogo yalikuwa yakiporomoka chini yao kama mahindi yanayomwagwa.

Aliwatoa mmoja mmoja, kwa kutambaa, akiwaonyesha jiwe la kukanyaga. Hakuna aliyeumia. Walipofika njiani, kijana mwenye miwani akamwambia:

"Kiongozi, sisi tulijua mbele kuna mtu."

"Hata mimi," Mkia akasema.

Wakamtazama, wakaona hafanyi mzaha. Hakuna aliyecheka. Mkia aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alijua bosi huwauliza wageni swali moja wakirudi, "Mliongozwa vizuri?", na jibu la hawa lilikuwa limeshaandaliwa pale kwenye mawe. Kilichobaki ni ziwa.

Ziwa lilikuwa chini ya vilele, limetulia, rangi ya chupa. Maji yake yalitoka kwenye theluji moja kwa moja. Wakajaza boti kwa mifuko ya upepo, kwa kukinga hewa, kusokota mdomo wa mfuko na kuikamua iingie botini, wakaunga makasia. Kijana mwenye miwani akagonga boti yake kwa kiburi: imejaa ndi. Mkia akachota maji akaimwagia. Ikanywea machoni pake.

"Hewa ikipata baridi inajikunyata kama mtu," Mkia akamwambia. "Sasa ongeza kwa mdomo. Ukiongeza katikati ya ziwa, utakuwa umeshaloa."

Kisha akawaonyesha jiwe jeusi ng'ambo ya pili. Nyuma ya jiwe lile kulikuwa na ufukwe mdogo wa mchanga, mahali pekee pa kushukia. Kwingine kote ni magenge, na ukilipita jiwe unaingia mahali ziwa linapomwagikia mtoni, na mto wenyewe haukawii kuanguka gengeni.

"Mimi nitakuwa mbele. Tazameni mgongo wangu tu. Siwezi kugeuka. Boti hizi ni nyepesi, nikigeuza kichwa nayo inageuka, na mtanifuata nyote kwenye makosa."

Maneno hayo aliyasikia kaka akiwaambia wageni mara zisizohesabika. Aliyajua kama anavyojua njia ya chooni. Ila yalipotoka kwenye kinywa chake mwenyewe, aliyasikia kama mapya.

Akamfuata Nesi. Akatoa mfukoni filimbi ya pili, ile yake ya zamani, akamvisha.

"Mama, nakuomba uwe mkia."

"Mimi ndiye dhaifu kuliko wote."

"Ndiyo maana. Ukiwa wewe umefika, wote wamefika. Nikipuliza, hakikisha wapo wote, ndipo ujibu mara mbili. Hata mmoja asipokuwepo, usijibu."

Nesi akaigeuza filimbi mkononi. "Wodini nilikuwa siendi nyumbani mpaka kila kitanda nimekiona kina mtu wake," akasema. "Haya, nenda."

Wakaingia majini. Nusu ya kwanza ilikuwa laini. Mkia alipuliza, Nesi akajibu. Alipuliza tena, akajibiwa. Mbele yake kulikuwa na maji na jiwe jeusi, hakuna kingine, na hajawahi kuona mahali patupu namna ile. Yeye ni mtu wa kuona migongo. Sasa mgongo ulikuwa wake, na hakuwa na namna ya kuuona.

Kisha upepo wa mchana ukashuka kutoka vileleni. Maji yakavimba vigongo vigongo. Boti ikaanza kupelekwa upande wa mtoni. Mkia akakaza kasia, akalirudishia jiwe pua ya boti, akapuliza.

Kimya.

Akapuliza tena, mpaka mashavu yakauma. Upepo ukamjibu, na upepo si mtu.

Hapo shingo yake ilianza kumsaliti. Ilitaka kugeuka. Kila kilichomo ndani yake, miaka yote ya kuhesabu migongo, kilimvuta nyuma. Aliwaona kichwani wamepinduka, aliona jaketi la Nesi likielea bila Nesi. Boti ikayumba kidogo, kwa wazo tu. Akaacha kupiga kasia, akaishikilia isipelekwe, macho kwenye jiwe. Na akiwa ameshikilia hivyo, anasikiliza kwa mwili mzima, hata kwa visigino, ndipo alipomwelewa kaka yake. Mtu yule alikuwa anakaa hivi kila siku. Alikuwa hageuki kwa kuwa alikuwa anamngoja yeye.

Milio miwili, fupi fupi. Hafifu, lakini miwili.

Mkia alilia. Kwa bahati nzuri wa mbele hulia bila kuonwa na mtu. Akakaza kasia, na jiwe jeusi likaja.

Walipotua mchangani ndipo aliposikia habari. Kijana mwenye miwani boti yake ilikuwa imelegea, kwa kuwa hakuongeza upepo wa kutosha. Nesi aliishika boti hiyo ubavuni akimwamuru aongeze upepo kwa mdomo, na hakugusa filimbi mpaka boti ilipokaa sawa.

"Uliniambia nisijibu," Nesi akasema.

"Ndiyo, mama. Ulifanya vizuri. Ila uliniua."

Bosi aliwangoja barabarani na gari. Akauliza swali lake. Vijana wakatazamana. Mkia akawatangulia, na pengine huko ndiko kutangulia kwake kwa kwanza kwa kweli:

"Kwenye njia panda niliwaacha waende peke yao. Wakaingia kwenye mawe. Kosa ni langu."

Bosi akamgeukia Nesi. "Na ziwani?"

"Ziwani hakugeuka," Nesi akasema. "Mgongo umetulia tuli. Lakini masikio, mwanangu, yalikuwa yamelala nyuma kama ya punda."

Bosi alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kisha akamwambia Mkia kwamba kesho yuko mbele, na kwamba atamtafutia mtu wa nyuma, maana ameona sasa kwamba hata watu watano wanataka mkia. Mkia akasema asante. Furaha alikuwa nayo, lakini hakuwa na wa kumpelekea.

Jioni akapika. Sufuria kubwa, kama kawaida. Akala upande wake wa meza. Akahamisha majaketi kutoka kitanda cha kaka, akayakunja, asijue kwa nini. Kisha akachukua simu. Iliita mpaka akakaribia kuikata.

"Kuna msiba?" kaka akauliza, hata salamu hakutoa.

"Hakuna msiba. Leo nilikuwa mbele."

 Mkia alimsikia kaka anavuta kiti, anakaa.

"Ukageuka?"

"Sikugeuka."

"Hata kidogo?"

"Nilipuliza nikakosa jibu, kaka. Nilitaka kugeuka mpaka nikaumwa. Lile neno nililokwambia stoo, nisamehe."

"Aah, acha."

Mkia akaisogeza simu sikioni zaidi.

"Huku nako wamenipa mtu wa nyuma," kaka akasema. "Hodari, ana vyeti. Nikipuliza, anajibu hapohapo."

"Basi vizuri."

"Vizuri nini? Atakuwa amehesabu saa ngapi? Nageuka kila mara. Shingo inaniuma, mdogo wangu."