Taa za Otema

Sylvanus Oyugi alikuwa fundi wa rangi za magari wa kutegemewa mtaani Kisenyi, mpaka Otema alipofungua gereji jirani. Otema aligawa upepo wa kompresa yake kwa mipira miwili: mpira mmoja ulirusha rangi, mwingine ulipoza taa za kukaushia. Taa zake hazikuungua, na wateja wakahamia kwake. Sylvanus alikonda kwa wivu.

Afande Adoch, mteja wake wa mwisho wa siku nyingi, alipoleta gari, Sylvanus aliapa hatampoteza. Asubuhi hiyo, badala ya kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya tangi la kompresa yake, alishinda akimchungulia Otema anavyofunga mpira wake. Kisha akafunga mpira wa pili kwake vivyo hivyo, akapaka mlango wa gari, akawasha taa, akaipulizia upepo. Mpira ukatema maji, taa ikapasuka, vipande vya kioo vikanasa kwenye rangi mbichi.

Otema alitokeza kichwa. “Mzee, tangi hukulimwaga?”

“Nani amekuita?”

“Oyugi, nipe ufunguo,” alisema Afande, aliyekuwa akingoja pembeni. “Gari linaenda kwa huyu.”

Sylvanus akautoa. Otema aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, bila hata kutabasamu. Angecheka, angalau Sylvanus angepata sababu ya kumtukana.